Zaburi Tuliyoiimba na Deni Tulilolidai
Hotuba ya kamati ya kwaya katika sherehe ya Jubilei ya Fedha, Dominika ya Kristu Mfalme, 23 Novemba 2025





Jana ilikuwa kumbukumbu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji. Leo ni Kristu Mfalme, na mwaka huu mzima Kanisa limekuwa katika Jubilei ya Mahujaji wa Matumaini. Sisi tulianza mwaka 2000, ambao nao ulikuwa mwaka wa Jubilei Kuu. Tulikuwa watu 14. Kinanda hatukuwa nacho, na ngoma tuliazima. Historia hiyo mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tumeombwa tuseme neno la imani, nasi tumechagua kusema juu ya zaburi, na juu ya mambo ambayo zaburi zimetutendea sisi wenyewe.

Tupige hesabu kidogo. Miaka 25 ni kama Dominika 1,300. Karibu kila Dominika, baada ya somo la kwanza, mmoja wetu amesimama mbele kuimba wimbo wa katikati, na kanisa lote likaitikia. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka 3, yaani A, B na C, kwa hiyo mzunguko huo tumeupita zaidi ya mara 8. Nyimbo za kuingia, za matoleo na za shukrani tumezichagua wenyewe. Tukichoka na moja, tunatunga au tunatafuta nyingine. Lakini wimbo wa katikati hatuuchagui. Tunapewa. Ukichagua wimbo mwenyewe, utachagua ule unaosema unayopenda kusema. Zaburi huja na siku yake, iwe unaipenda au inakuchoma.

Katika karne ya 4, Askofu Athanasi wa Aleksandria, kule Misri, alimwandikia barua mtu aitwaye Marselino kumweleza faida ya zaburi. Alisema kwamba tunaposoma vitabu vingine vya Maandiko, tunasikia maneno ya Musa au ya manabii, na tunajua kwamba wanaosema ni wao. Bali anayesali zaburi huyachukua maneno yale kuwa yake mwenyewe, kana kwamba yeye ndiye aliyeyatunga, na ndani yake anauona moyo wake kama katika kioo.

Wana kwaya wanalielewa jambo hili haraka. Padre akihubiri kwamba tusisengenye, kila mmoja wetu anaweza kumtazama jirani yake kwa pembe ya jicho na kusema moyoni, leo ameguswa. Lakini zaburi inapokuwa mdomoni mwako, anayesema ni wewe, na anayesikia ni Mungu pamoja na watu wote waliojaa viti vile. Ni kama shahidi mahakamani. Karani hamwapii. Shahidi hushika Kitabu na kutamka mwenyewe, na akishatamka, maneno yale yanamdai.

Nasi hatuwezi kusema kwamba hatukuelewa tulichotamka. Wazee wetu walioimba Misa kwa Kilatini wangeweza kujitetea kidogo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia, ukafungua mlango wa kusali kwa lugha zetu. Siku 8 baadaye Kenya ikapata Uhuru. Tangu hapo tunaimba kwa Kiswahili kile kile tunachonunulia sukuma wiki na kugombania nauli kwenye matatu. Udhuru umekwisha.

Sasa tuwape visa viwili vya kwetu. Cha kwanza wengi wenu mnakikumbuka.

Tarehe 27 Desemba 2007 nchi ilipiga kura. Tarehe 30 ilikuwa Dominika ya Familia Takatifu, na jioni yake mshindi wa urais akatangazwa. Mnajua yaliyofuata. Mathare na Huruma si mbali nasi, na moshi tuliuona. Kwaya hii ina watu wa makabila mengi, kama mitaa yetu ilivyo. Tulikuwa watu 40. Dominika iliyofuata, 6 Januari 2008, tulifika 11.

Siku hiyo ilikuwa Epifania, na kila mwaka zaburi ya Epifania ni ya 72. Ni sala kwa ajili ya mfalme. Inaomba Mungu ampe haki yake, awaamue maskini sawasawa, na amwokoe mnyonge asiye na wa kumsaidia. Hebu fikirini kuimba maneno hayo wiki ile. Mmoja wetu alisema tuiache, maana watu watadhani tunafanya siasa. Mwingine alisema tuiimbe kwa nguvu, wale wa upande wa pili wasikie. Tukagundua kwamba kila mmoja alikuwa amekwisha kumvika mgombea wake taji la ile zaburi.

Mwalimu wetu wa kwaya alituomba tuisome polepole, bila noti, kabla Misa haijaanza. Tuliposoma tukaona kwamba zaburi haimsifu mfalme kwa ushindi wake. Inampimia mzani, na mzani wenyewe ni yule maskini. Aliye kitini anapimwa kwa huo, na anayekitaka kiti anapimwa kwa huo huo. Tuliiimba sauti moja tu, kwa kuwa teno hawakuwapo na besi alikuwa mmoja. Hatudhani tumewahi kuimba vibaya kuliko siku hiyo, wala hatudhani tumewahi kusali zaidi.

Baada ya Misa tuliahidiana mambo mawili. La kwanza, hakuna mwana kwaya atakayemtumia mtu ujumbe wa simu wa kutukana kabila lingine, na akiupokea ataufuta. Mnakumbuka jumbe zile zilivyoruka wiki zile. La pili, wenzetu walioogopa kutoka nyumbani tutawafuata wawili wawili, wa makabila tofauti, tuwalete Misani na kuwarudisha. Hatuwaambii kwamba tuliokoa mtaa. Familia mbili za kwaya zilirudi mashambani na hazijarejea hadi leo, na viti vyao tunavikumbuka. Mapatano ya kitaifa yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, na hayakutiwa sahihi na sisi. Lakini ahadi zile mbili zilishikwa, nazo zilizaliwa katika zaburi ambayo hatukuichagua.

Mwezi ule tulijifunza pia juu ya hasira. Ndani ya zile zaburi 150 mna nyingine kali sana, zinazomwombea adui mabaya. Kanisa liliziacha 3 kati yake, ya 58, ya 83 na ya 109, lilipopanga upya Liturujia ya Vipindi baada ya Mtaguso, kwa kuwa ni ngumu kusaliwa na watu wote. Hata hivyo zimo katika Biblia zetu, na mwaka 2008 tulielewa kwa nini ziliandikwa. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyechomewa kibanda chake, alikuwa akizisoma usiku. Alituambia kwamba maneno yale akimpa Mungu, asubuhi mkono wake unakuwa mwepesi, hauna haja tena ya kutafuta panga. Hasira iliyokwisha kusemwa mbele za Mungu ina mwenye kuihukumu. Hasira iliyofichwa hutafuta mwenye kuilipa.

Mitaa yetu ilijua jambo hilo zamani. Mbotela na Ofafa ni majina ya viongozi wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa mwaka 1952 na 1953, wakati wa vita vya kupigania ardhi na uhuru. Tunaishi juu ya majina ya watu waliouawa. Hatuna haki ya kuongeza mengine.

Kisa cha pili hamkijui, maana tulikificha. Tumekubaliana kukisema leo, na mhusika mkuu ameturuhusu.

Kwaya yetu ina mfuko wa kusaidiana. Kila mmoja huchanga shilingi 200 kwa mwezi, kwa ajili ya matanga, ugonjwa na sare. Mwaka 2014 tulianza kuukopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mfuko ukanenepa. Tulisoma hesabu kila Desemba tukapiga makofi.

Januari 2018 mama mmoja wa sauti ya pili alikopa 20,000, karo ya mwanawe aliyeingia kidato cha kwanza. Alikuwa akiuza mitumba ya watoto Gikomba. Kuanzia Februari hadi Juni alilipa riba ya 2,000 kila mwezi bila kukosa, jumla 10,000, na deni lake likabaki 20,000 kama siku ya kwanza. Kisha, usiku wa kuamkia 28 Juni, soko la Gikomba likaungua. Watu wasiopungua 15 walifariki. Kibanda chake kikateketea pamoja na mali yote. Dominika ile tuliwaombea waliopatwa na moto wa Gikomba katika sala za waumini. Tuliitikia vizuri sana.

Julai hakulipa. Agosti hakulipa. Kamati, yaani sisi, tukaongeza riba ya miezi ile miwili, deni likawa 24,000, tukaandika orodha ya wadaiwa na kuibandika kwenye mlango wa chumba cha mazoezi. Jina lake lilikuwa la kwanza. Akaacha kuja. Tulisema, wadeni ndivyo walivyo.

Dominika ya tarehe 2 Septemba 2018 ilikuwa ya 22 ya Mwaka B. Wimbo wa katikati ulikuwa Zaburi 15. Zaburi hiyo inauliza ni nani anayefaa kukaa nyumbani kwa Mungu, kisha inajibu kwa orodha. Ni mtu asemaye kweli, asiyemchafulia jirani jina, anayetimiza kiapo chake hata kikimtia hasara, asiyetoza riba kwa fedha yake, asiyepokea rushwa ili amwangamize asiye na hatia. Aliyeimba mashairi siku hiyo alikuwa mhazini wetu, yule yule aliyetia sahihi ile orodha ya mlangoni. Aliimba bila kosa. Wiki nzima tulikuwa tumehangaika na teno kwenye kiitikio, na maneno hatukuyaangalia.

Baada ya Misa, tulipokuwa tukikusanya vitabu, mhazini alikaa chini akasema, "Leo nimejihukumu mwenyewe kwa kipaza sauti."

Tulibishana Jumamosi tatu. Hatutaki kuwaficha ubishi ule, maana hoja zilikuwa na uzito. Mmoja alisema kwamba benki zinatoza riba, sacco zinatoza riba, na parokia yenyewe ina akaunti benki. Mwingine alisema bila riba mfuko utakufa, na siku ya msiba tutatazamana. Wa tatu alifungua Kutoka sura ya 22 na Walawi sura ya 25, akatuonyesha kwamba katika Torati katazo lenyewe linamhusu ndugu aliyeishiwa. Akatuuliza, "Huyu mama alikuja kwetu kama mteja wa biashara, au kama dada aliyekwama? Na sisi tulipomfungulia mfuko, tulikuwa benki au kwaya?" Swali hilo halikupata wa kulijibu kwa namna ya kuturuhusu tuendelee.

Tukaamua hivi. Riba ya miezi miwili ilifutwa. Zile 10,000 alizokwisha kulipa zilihesabiwa kuwa sehemu ya deni lenyewe. Zilizobaki, 10,000, angelipa kadiri atakavyoweza. Na tangu siku hiyo mfuko wetu humkopesha mwana kwaya bila riba. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Wenzetu wawili waliondoa michango yao, na mmoja akahama kwaya. Hatuwalaumu, walikuwa wameweka fedha kwa masharti mengine. Na kinanda mnachokisikia leo ni kile kile cha mwaka 2011, ambacho kitufe chake kimoja cha chini kimenyamaza. Kama tungeendelea na riba, huenda leo tungekuwa na kipya.

Watu watatu kati yetu walienda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alituchemshia chai. Tukamweleza habari ya riba, tukifikiri tunampelekea habari njema. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba riba ilimwumiza, lakini kilichomvunja ni ile karatasi ya mlangoni. Mwanawe ni mtumishi wa altare. Siku moja alipita pale akaisoma, akarudi nyumbani akamwuliza, "Mama, sisi ni wezi?"

Hapo tulijua kwamba hata Zaburi 15 tulikuwa tumesikia mstari mmoja tu. Ule wa kumchafulia jirani jina tulikuwa tumeuruka. Sisi tulikuwa tumeimba zaburi yote, lakini aliyetufundisha kuisali ni yule tuliyemtoa kwenye benchi la alto.

Alirudi kwenye mazoezi mwaka uliofuata, wakati wa Kwaresima. Zaburi 15 ilipokuja tena, tarehe 21 Julai 2019, tulimwomba yeye aimbe mashairi. Alikataa. Alisema angependa kuketi na wenzake na kuitikia. Zaburi ile imerudi mara 5 tangu ule mwaka wa orodha, mara ya mwisho ikiwa 20 Julai mwaka huu. Kila inapokuja, katibu wetu hufungua daftari la mfuko kabla hatujafungua kitabu cha nyimbo.

Je, tunasema kwamba anayeimba zaburi huwa mtu mwema? La. Mngetucheka, maana mnatujua. Nairobi ina kwaya nyingi, na rushwa haijapungua kwa sababu hiyo. Zaburi haifanyi kazi kama chanjo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alipokuwa askofu wa Hippo, aliungama katika kitabu chake cha Maungamo kwamba ilimtokea kuguswa na sauti kuliko na kile kilichoimbwa, na jambo hilo alilihesabu kuwa kosa. Hilo ndilo kosa letu la kila wiki. Mtu anaweza kumsifu Mungu kwa sauti nne zilizopatana na kesho yake akauza unga kwa gorogoro lililobonyezwa chini.

Lakini waswahili husema mazoea hujenga tabia. Ukitamka mbele za watu kwamba hutapokea rushwa, mwaka huu na mwaka ule, siku bahasha inaposukumwa mezani kwako, sauti yako mwenyewe inakurudia. Mwenzetu mmoja wa besi, anayefanya kazi ya kusaini karatasi za watu, alituambia kwa mzaha kwamba kwaya hii imemfanya maskini. Tulicheka. Yeye hakucheka sana.

Basi, tunapoanza miaka mingine 25, tunaweka ahadi tatu mbele ya parokia nzima, mtudai.

Kila Jumamosi, kabla ya kuimba noti hata moja, zaburi ya kesho itasomwa kwa sauti, polepole, kisha tutanyamaza kwa dakika 5. Teno watasubiri.

Anayepangwa kuimba mashairi, akiwa na neno na mwenzake, atamtafuta kwanza wazungumze. Ikishindikana, atamwachia mwingine zamu, na hatutamwuliza sababu.

Na hakuna jina la mtu yeyote litakalobandikwa mlangoni tena, kwa deni wala kwa kosa lolote.

Leo, katika Misa ya Kristu Mfalme, tumeimba Zaburi 122, wimbo wa mahujaji wanaopanda kwenda Yerusalemu. Wageni wetu hucheka wakisikia kwamba sisi wa Eastlands tuna Jericho na Jerusalem, na kwamba mtu hutoka moja hadi nyingine kwa miguu kabla jasho halijamtoka. Katika Injili barabara ya miji hiyo ndiyo aliyoangukia mtu mikononi mwa wanyang'anyi, na waliokuwa na zamu hekaluni wakampita. Tuliwahi kumpita mtu namna hiyo. Tulikuwa na vitabu vya nyimbo mikononi.

Zaburi 122 inauombea mji amani, na anayeomba anasema kwamba kwa ajili ya ndugu zake na rafiki zake atautafutia mema. Tukishaimba hivyo, tumejifunga. Mji wetu ni huu, wenye maji taka yanayopita mbele ya mlango, wenye kodi inayopanda kila Januari, wenye vijana walioketi kwenye ukuta tangu asubuhi wakingoja kazi. Mama aliyeunguliwa na kibanda yumo ndani yake, na mhazini aliyejihukumu kwa kipaza sauti yumo pia. Wote wawili wanaimba leo.

Tunawashukuru ninyi mlioitikia kwa miaka 25, hata siku tulipopandisha sauti juu mno. Kiitikio ni chenu. Kila mlipoitikia, nanyi mlitamka, na maneno yale yanawadai kama yanavyotudai sisi. Tulipe pamoja.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele. Amina.